Kabla ya kwenda kupima chaneli ya redio barabara ya Ahero

Hapa Kisumu, anayetaka kukadiria chaneli ya redio inayobadilika, yaani jinsi mawimbi yanavyogeuzwa njiani kutoka mnara wa simu hadi kipokezi kilicho ndani ya gari, huanza kwa kuuliza anunue antena gani. Mimi ningeanza na saa. Si ya mkononi, bali ile ya ndani ya kipokezi, inayokiwezesha kukaa kwenye masafa ya mnara, yaani idadi ileile ya mitetemo kwa sekunde.

Piga hesabu kidogo. Matatu ikishika kilomita 80 kwa saa, kiwango chake cha juu kisheria, husogea mita 22 kwa sekunde. Kwenye mawimbi ya megahezi 800, Doppler ya mwendo huo, yaani kuhama kwa masafa kunakoletwa na gari kusogea, haizidi hezi 60. Saa ya kipokezi ikikosea sehemu moja tu kwa milioni, masafa yanahama hezi 800. Kosa lako limemeza kitu unachokitafuta zaidi ya mara 13.

Nililijua hili kwa aibu. Niliacha kipokezi juu ya dashibodi, jua la saa saba likikichoma. Gari lilikuwa bado stejini, makanga akiita abiria wawili wa mwisho, na grafu ilionyesha chaneli inahama utadhani tumeshapita Nyamasaria. Kumbe kidude kilishika moto na saa yake ikawa inateleza. Kwa hiyo kiwashe nusu saa mapema, kiweke kivulini, kisha rekodi dakika tano gari likiwa limesimama, kabla ya safari na baada yake. Tofauti ya rekodi hizo mbili ni ya saa, si ya barabara.

Huhitaji kurusha chochote. Kurusha kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mazungumzo ya watu hayakuhusu. Minara ya 4G tayari hutuma ishara rejea, zinazojulikana na kila simu, takriban kila robo ya milisekunde. Gawanya ulichopokea kwa kile kilichotumwa na umepata kadirio lako la kwanza, likiwa limejaa kelele, yaani vurugu za nasibu zinazochanganyika na ishara.

Kelele hupunguzwa kwa kuchukua wastani, na hapa ndipo wengi huharibu kazi. Urefu wa wimbi la megahezi 800 ni sentimita 37.5. Mawimbi yanayodunda kutoka kwenye majengo na malori huzimana na kuinuana, na kutoka shimo moja la nguvu, yaani pale ishara inapofifia, hadi lingine ni karibu shibiri moja. Kwa kilomita 80, gari hupita wimbi zima kwa milisekunde 17. Wastani wa milisekunde 20 utafuta mabadiliko yote, nawe utashangilia grafu laini isiyo na maana. Kwenye jamu, wastani huohuo hauna shida. Basi mwendo wa gari lazima urekodiwe kwa GPS pamoja na ishara, la sivyo hutajua wapi urefushe wastani na wapi ufupishe.

Amua mapema pia utakavyojisahihisha: ficha baadhi ya ishara rejea, zikadirie kwa zile zilizobaki, kisha linganisha.

Diski iwe na nafasi. Sampuli, yaani vipimo vya ishara ambavyo kipokezi huhifadhi, zikiwa milioni 1.92 kwa sekunde, kila moja baiti mbili, hula karibu GB 14 kwa saa.

Mvua ya alasiri isikutishe, kwa masafa haya matone hayali mawimbi kwa kiasi cha kusumbua. Maji yakiingia kwenye kiungo cha kebo ya antena ndipo utalia, kwa hiyo kizungushie tepu kabla hamjatoka mjini.