Kupima dondoo ya mwarobaini dhidi ya choa: sahani kwanza, ngozi baadaye

Mwarobaini umejaa Mwanza, na hakosekani mtu wa kuutwanga akampaka mwenye choa. Kinachokosekana ni kipimo cha kuonyesha kama dondoo, yaani kiini kinachovutwa kutoka kwenye majani, huzuia kweli kuvu wa choa. Kazi hii ifanyikie maabara, pamoja na mtu aliyezoea kuotesha kuvu, kwa sababu vijimbegu vya kuvu wa choa hupeperuka na kumwambukiza mpimaji.

Chuma majani yaliyokomaa, yaoshe, uyatandaze kivulini penye upepo siku 7 hadi 10. Usiyaanike juani juu ya mawe kama dagaa. Jua kali huharibu baadhi ya viambata, yaani kemikali zilizomo ndani ya jani. Masika, unyevu wa ziwa huchelewesha ukaukaji. Ukinusa uvundo, tupa rundo zima, maana sumu za ukungu zitaingia kwenye dondoo. Jani lililo tayari likifikichwa huvunjika kwa mlio.

Saga, chekecha, kisha loweka gramu 50 za unga katika mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70: chukua mililita 365 za ile ya asilimia 96, ongeza maji yaliyotoneshwa mpaka 500. Funika chupa, iweke gizani saa 72, uitikise mara tatu kwa siku. Chuja kwa kitambaa, halafu kwa karatasi ya kuchujia. Kausha maji yaliyochujwa kwenye bakuli pana juu ya maji ya nyuzi 40, mbali kabisa na moto. Pima uzito, rudia baada ya saa kadhaa. Ukiwa bado unashuka, huenda ethanoli imebaki.

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Ethanoli iliyobaki huua kuvu, nawe utaona duara safi, yaani eneo ambalo kuvu hawakuota, na kuusifu mwarobaini bure. Kwa hiyo kila sahani ya kuoteshea kuvu iwe na vishimo vinne: dondoo, kiyeyusho (kimiminika cha kuyeyushia dondoo) peke yake, maji, na klotrimazoli, dawa inayojulikana kuua kuvu. Kiyeyusho kikitoa duara, matokeo yote hayafai. Klotrimazoli isipotoa duara, kasoro iko kwenye sahani au kuvu wenyewe. Bila vishimo hivyo vingine, usiandike chochote.

Yeyusha miligramu 400 za dondoo katika mililita 0.4 za kiyeyusho kiitwacho DMSO, kisha ongeza maji mpaka mililita 4. Utapata miligramu 100 kwa kila mililita. Ikiganda mabonge, hujui tena umetia kiasi gani, basi anza upya.

Aga ya Sabouraud, chakula cha kuvu kinachoganda kama jeli ndani ya sahani, huchemshwa kwa presha ili ifikie nyuzi 121. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria la presha lenye geji ya pauni 15 hapa hufika kama nyuzi 119 tu: badala ya dakika 15, iache 25. Usizidishe, aga hii ni chachu na ikichemka mno haigandi. Mimina mililita 25 kwa sahani, paka kuvu, toboa vishimo vya milimita 6, tia mikrolita 80 kila kimoja. Ziweke kwenye nyuzi 28, upime upana wa maduara siku ya 5 hadi ya 7, ukiwa na sahani tatu za aina moja. Duara dogo halimaanishi dawa dhaifu: dondoo hii ya kijani husambaa kwa shida ndani ya aga. Thibitisha kwa kuchanganya dondoo ndani ya aga yenyewe.

Kwenye ngozi ya watu hugusi kabla ya kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Ukivipata, anza na ngozi nzima ya watu wazima: gramu 5 za dondoo katika gramu 95 za vaselini mkono mmoja, vaselini tupu mkono wa pili, chini ya bandeji saa 48. Angalia wekundu na malengelenge ukibandua, kisha tena baada ya saa 48, kwani mzio huchelewa.

Mapunye ya kichwani usiyaingize kwenye jaribio hili. Kuvu wake wamejificha ndani ya shina la nywele, dawa ya kupaka haiwafikii, na mtoto anahitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali.