Jinsi ya Kufuatilia Jozi ya Tai Mla Samaki Msimu Mzima wa Kiota, Ziwa Naivasha

Mimi ni kapteni wa boti hapa Naivasha, kaunti ya Nakuru. Haipiti wiki bila mgeni kuniuliza, "Kapteni, yako mayai mangapi mle?" huku amekodolea macho rundo la vijiti juu ya mgunga. Kutoka kwenye boti hakuna awezaye kujua. Kiota kiko juu, upana wake ni mita moja na zaidi, na jike akishalala ndani unabaki na mkia au kisogo cheupe. Wanaoonekana ni wazazi. Ukiwasoma wao, utajua mayai yalitagwa lini, yaliangua lini, na kama mambo yameharibika. Kazi yote niliyoandika hapa chini ni ya kuwasoma hao wawili.

Jipe miezi sita. Si kila siku; mimi naenda asubuhi mbili kwa wiki, zile ambazo sina wageni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye

Tai wetu ana kichwa, kifua na mkia mweupe, tumbo la rangi ya hudhurungi iliyoiva, na mabawa meusi. Kuanzia Oktoba hivi hadi Machi huja mgeni mwingine mla samaki, osprei, kutoka Ulaya na Asia. Huyo ni mweupe tumboni na ana utepe mweusi unaopita jichoni. Akivua hujitupa majini mzima mzima, wakati wetu hupita juu juu na kulowesha miguu tu. Osprei hatagi Kenya. Ukimkuta ameketi juu ya kiota kikuukuu, anapumzika. Usianze kuhesabu siku.

Hatua ya 2: Mjue jike, mjue dume

Jike ni mkubwa. Anaweza kufika kilo tatu na nusu, dume mara nyingi hazidi mbili na nusu. Wakikaa tawi moja utaona tofauti, lakini wakiwa mbalimbali macho hudanganya. Tumia masikio. Alfajiri huitana kwa zamu, vichwa vimetupwa nyuma hadi utadhani shingo itavunjika. Sauti nyembamba ni ya dume, nzito ni ya jike. Fumba macho asubuhi mbili tatu usikilize tu, bila darubini. Wanafunzi wangu hulidharau zoezi hili, halafu mwezi wa pili wananiuliza nani ndiye nani.

Hatua ya 3: Kitafute kiota kwa kufuata vijiti

Usizunguke ziwa ukitazama miti. Kaa mahali pamoja uangalie tai aliyebeba kitu kirefu miguuni. Akibeba kijiti, au shada la mafunjo la kutandika ndani, atakupeleka mwenyewe. Hapa karibu na ikweta hawana mwezi mmoja wa kutaga, kwa hiyo usingoje kalenda. Ngoja vijiti.

Makosa mawili ni ya kawaida. La kwanza ni kuchukua nyumba ya ndege aitwaye fundichuma ukadhani ni ya tai. Ya fundichuma ina paa na mlango wa pembeni. Ya tai iko wazi juu kama sinia. La pili ni kusahau kwamba jozi moja huweza kuwa na viota viwili au zaidi, na huvirudia mwaka baada ya mwaka. Wakivitengeneza viwili kwa pamoja, viandike vyote mpaka jike aamue.

Tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020, migunga mingi ya ufukweni ilisimama majini ikakauka. Minandi wameijaza kwa viota vyao vidogo vidogo. Tai huipenda miti hiyo mikavu kwa kukaa na kuvizia, kwa hivyo kumkuta juu yake si ushahidi wa kiota.

Hatua ya 4: Chagua kiti chako

Kanuni yangu ni mita mia mbili, na jua mgongoni. Darubini ya 8x42, yaani ya kukuza mara nane, inatosha. Ukiwa ndani ya boti, vaa jaketi la kuokoa maisha, zima injini mapema, na panga kuwa umeondoka kabla ya saa saba mchana kwa sababu upepo wa jioni wa ziwa hili hauna adabu. Ukiwa nchi kavu, usikae kwenye njia ya kiboko. Njia yake utaijua: nyasi zimelazwa, na udongo una mifereji miwili yenye tuta katikati. Alfajiri anarudi majini na hatakuomba upishe.

Jipime hivi: ndege akigeuza kichwa kukutazama zaidi ya kutazama maji, umekaribia mno. Rudi nyuma.

Hatua ya 5: Andika, na uandike kila kitu

Daftari na penseli. Wino huyeyuka ukipata maji. Simu ni ya picha tu. Mimi huandika saa, nani, yuko wapi, anafanya nini. Nanakili ukurasa wangu mmoja, saa ni za Kiswahili:

12:20 jike kiotani, mkia tu unaonekana
12:50 dume anaita kutoka mti mkavu, jike anajibu bila kuinuka
1:35 dume analeta tilapia, kichwa kimeshaliwa
1:36 jike anatoka na samaki, anaenda kulia mti wa pili
1:38 dume ameingia, amelala
2:04 jike amerudi, dume ametoka

Tazama mistari hiyo inasema nini. Jike hakuinuka kujibu mwito, ingawa wiki mbili nyuma angeruka. Samaki hakuliwa kiotani. Kiota kilikaa bila mtu dakika mbili tu, kisha dume akashika zamu. Sikuona yai hata moja, lakini mayai yapo.

Kwangu siku ya kwanza ya kuatamia ni asubuhi ya kwanza ambayo kwa muda wa saa tatu nzima kiota hakikuachwa zaidi ya dakika kumi. Andika tarehe hiyo kwenye jalada la daftari.

Andika na samaki. Tilapia, kambare, au kapi, yule mnene mwenye magamba mapana na sharubu fupi aliyeingia ziwani humu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Samaki wakiadimika utamwona tai akimfukuza kukuziwa, na kule kwenye maziwa ya magadi kama Nakuru na Bogoria huwakamata heroe (flamingo). Watafiti David Harper, Munir Virani na wenzao walichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya kupanda na kushuka kwa idadi ya tai hawa hapa Naivasha, na habari ya chakula ni kiini chake. Ile safu ya samaki ambayo watu huiacha wazi ndiyo ninayoanza kuisoma.

Hatua ya 6: Hesabu hadi kuangua

Kuatamia huchukua siku 42 hadi 45, na kazi kubwa ni ya jike. Mayai huwa mawili mara nyingi, pengine moja au matatu. Ikifika siku ya arobaini, ongeza zamu zako, maana mabadiliko huja ghafla. Samaki haendi tena mti wa pili, anaingizwa kiotani. Jike anasimama ukingoni, anainama, anainuka, anainama tena, polepole kama mtu anayemlisha mtoto uji. Anamega vipande vidogo sana. Akilala, halali chini kabisa kama zamani, anakaa nusu amejiinua. Jua la saa sita likichoma, atasimama ametandaza mabawa kama mwavuli. Ukiona mambo hayo, andika "wameangua". Idadi usiandike mpaka uone vichwa juu ya ukingo, na hiyo huchukua wiki tatu hivi.

Hapa niseme kosa langu. Jozi yangu ya kwanza, siku ya thelathini na moja, nilitaka picha ya simu. Nikaisogeza boti hadi chini ya mti, saa sita mchana, jua kali. Jike akaruka. Nilidhani atarudi mara moja. Nikakaa nikimngoja, nami ndiye niliyekuwa namzuia. Dakika kumi na tisa. Kunguru wawili walishuka tawi hadi tawi, na mmoja akaingia kiotani. Dume alikuja akawatimua, lakini wiki iliyofuata wazazi wote wawili walikuwa wamekaa mti wa mbali mchana kutwa na kiota kitupu. Picha ninayo. Inaonyesha vijiti.

Hiyo ndiyo alama ya kiota kilichoharibika: zamu zako mbili za kutazama mfululizo, katikati ya mchana, hakuna aliye ndani na hakuna anayeleta chakula. Andika tarehe uondoke. Kupanda kwenda kuchungulia ni kazi ya watafiti wenye vibali.

Hatua ya 7: Samaki wa kurushwa

Hili linatuhusu sisi makapteni. Mnajua mchezo: unamtia samaki kipande cha funjo mdomoni ili aelee, unapiga mbinja, unamrusha, tai anashuka, wageni wanapiga picha. Sitajifanya sijawahi kufanya. Ada za shule zimetoka humo. Lakini jozi unayoifuatilia usiirushie. Dume atazoea mbinja, na rekodi yako ya samaki itakuwa rekodi ya soko la samaki. Na boti nyingine ikimrushia mbele yako, andika "wa kurushwa" pembeni.

Hatua ya 8: Makinda

Kutoka kuangua hadi kuruka ni siku 70 hadi 75. Mayai hutagwa kwa kupishana siku kadhaa, kwa hiyo kinda mmoja huwa mkubwa. Angalia mdomo wa mama unaelekea upande upi. Chakula kikiwa kichache, mdogo huchelewa kufikiwa, na mara nyingine siku moja unahesabu kichwa kimoja.

Wiki za mwisho kinda anapiga mabawa akiwa amesimama ukingoni, kisha anaruka hadi tawi la jirani na kurudi. Akianza hivyo, ongeza umbali, maana kinda aliyeshtuka huweza kuruka kabla hajaweza. Akishatoka ni wa kahawia mwenye mistari, na wageni watakubishia kwamba si tai. Vazi la kikubwa huchukua miaka minne hadi mitano.

Hatua ya 9: Peleka rekodi, ficha mti

Ndege uliowaona waingize Kenya Bird Map au eBird, mitandao ya kukusanya rekodi za ndege. Picha ya kiota usiiweke mtandaoni kabla kinda hajaruka, na zima kwenye kamera ya simu ile sehemu inayohifadhi mahali ulipo. Mimi hata wenzangu wa gatini siwaambii ni mti upi, nao wanadhani ni ubahili.

Hatua ya 10: Usifunge daftari mapema

Kinda akiruka, watu huenda zao. Wewe baki. Kwa miezi miwili hivi atakuwa karibu na wazazi, akilia ovyo kutoka kila mti, na hapo ndipo utaona akijifunza kuvua. Mstari wa mwisho wa daftari langu la msimu uliopita ni huu:

3:15 kinda amejirusha, amekosa, ameketi juu ya maji kama bata, amepiga kasia kwa mabawa hadi kwenye mafunjo. Jike juu ya mti mkavu, anatazama, hajashuka.