Mzamiaji wa Mtungi Akikutana na Mzamiaji wa Pumzi

Katika maji ya Mafia, ambako watu wa kisiwa cha Jibondo wamevua pweza tangu zamani, si ajabu mgeni mwenye mtungi wa hewa mgongoni akaona mtu anashuka kutoka juu akiwa na miwani, mapezi na chuma chake cha kuvulia tu, akachungulia pangoni kisha akarudi juu. Wote wawili wako baharini kihalali, lakini hewa iliyomo vifuani mwao si ya namna moja, na kwa hiyo mwenye mtungi ana mambo ya kujifunza kabla hajajitosa.

La kwanza, nami naliweka mbele ya yote: usimpe kamwe mzamiaji wa pumzi, yaani huyo anayeshuka kwa pumzi moja bila mtungi, kipumulio chako. Aliyevuta pumzi juu ya maji akashuka mita 10 mapafu yake hubanwa hadi karibu nusu, na akipanda hurudi yalivyokuwa, bila madhara. Akijaza kifua hewa ya mtungi katika kina hicho, kisha akapanda amebana pumzi kama alivyozoea, hewa ile itataka kuwa maradufu kabla hajafika juu. Mapafu yanaweza kupasuka na mapovu yakaingia kwenye damu hadi ubongoni. Niliwahi kumnyoshea kipumulio mvuvi mmoja nikidhani namfadhili. Alitikisa kichwa mara moja, akaelekeza kidole juu, akaenda zake. Mpaka leo namshukuru kwa kukataa.

Ukimwona anashuka, tulia mahali ulipo au sogea kando, umwachie njia ya kupandia. Yeye hupanda takriban mita moja kwa sekunde, wewe mita 9 au 10 kwa dakika nzima, kwa hiyo hamwezi kufuatana, na ukijaribu kumkimbiza utahatarisha mwili wako mwenyewe. Usikae chini yake ukimwaga mapovu, kwani humziba macho na huweza kumtisha samaki anayemtafuta. Usimshike pezi wala kumzuia kwa ajili ya picha, kwa kuwa pumzi yake ndiyo saa yake ya kazi na kila sekunde unayomchelewesha unaitoa kwenye akiba yake ya kurudia. Ishara ya kidole gumba na cha shahada vilivyounganishwa kuwa duara inatosha kuulizana hali; akikujibu, endelea na safari yako.

Mahali pa kuwa macho zaidi ni mita 5, pale unaposimama dakika tatu kabla ya kutoka. Mzamiaji wa pumzi huzimia mara nyingi katika mita za mwisho za kupanda, au hata akiwa ameshatokeza kichwa, kwa sababu kadiri kanieneo ya maji, yaani mgandamizo wake, inavyopungua ndivyo nguvu ya oksijeni iliyobaki mwilini inavyoshuka ghafla. Badala ya kuitazama saa muda wote, watazame walio karibu nawe. Mtu aliyeacha kupiga mapezi, akaanza kuzama taratibu huku mapovu yakimtoka mdomoni, hatafuti pweza.

Mwendee. Mfunge mdomo na pua kwa kiganja, mwache na miwani yake usoni, mfungulie mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha kama anao, kisha mpandishe huku wewe ukiendelea kupumua na kutoa hewa bila kubana. Mkifika juu mgeuze chali, mvue miwani, mpulizie usoni, mgonge shavu taratibu na umwite kwa sauti. Asipoanza kupumua ndani ya sekunde chache, mpe pumzi mbili kwa mdomo, uite mashua. Na hata akizinduka akasema yu mzima, asirudi majini siku hiyo, apewe oksijeni kama ipo chomboni, na daktari amwone.

Kabla ya kuondoka pwani, nahodha wako aulize ni ngalawa zipi zina watu chini, apandishe bendera ya wazamiaji, nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, na azunguke mbali na maboya yao. Nawe uliyetumia mtungi asubuhi, ukitamani kujaribu mbizi ya pumzi pamoja na wenyeji mchana, ahirisha hadi siku ifuatayo, maana naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kufanya mapovu kwa kule kushuka na kupanda haraka haraka.