Timu nzito inayoshambulia: ninavyoiunda hatua kwa hatua

Baada ya magharibi vijana watano au sita hukusanyika barazani kwetu, Langoni, Lamu, kila mmoja na simu yake, tukacheza Pokémon Showdown, mchezo wa mtandaoni wa kupambanisha timu za viumbe wa Pokémon, hadi bando zimalizike. Anayeanza huja na mojawapo ya timu mbili. Ya kwanza ina wapigaji sita wenye mbio na mwili wa karatasi, na kufikia zamu ya nane imekwisha. Ya pili ina wakaaji sita wasiouma: anajiponya, anajiponya tena, mwisho anashindwa akiwa amechoka.

Mimi hufundisha timu ya katikati. Viumbe wake wanastahimili kipigo, lakini kila mmoja akishaingia uwanjani mwenzako, yaani mpinzani unayecheza naye, lazima afikirie kukimbia. Neno moja ningependa ulishike kabla ya hatua ya kwanza: uzito ni wa kuingilia, si wa kukaa. Damu nyingi, yaani uhai wa kiumbe, haina faida kama humpi mchezaji wako nafasi ya kuingia mara mbili au tatu katika mchezo mmoja na kufanya kazi kila anapoingia.

Mfano wote hapa ni wa kizazi cha tisa, mchezo wa mmoja kwa mmoja, sita kwa sita, ngazi ya 100, kwenye daraja la OU (OverUsed, la viumbe wanaotumika zaidi). Orodha ya waliopigwa marufuku hubadilika, kwa hiyo iangalie kwanza. Majina ya viumbe, mapigo na vifaa nitayaacha yalivyo kwenye mchezo. Aina nitazitaja kwa Kiswahili, isipokuwa Fairy, ambayo hapa kila mtu huiita hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Chagua atakayemaliza

Usianze na ulinzi. Anza na yule unayetaka abaki amesimama mwisho, kisha wengine wote watafute riziki kwa ajili yake. Wangu ni Dragonite.

Sababu ni kipaji chake, Multiscale: damu ikiwa imejaa, kipigo kinachompata hukatwa nusu. Maana yake karibu kila mara anapata zamu moja ya bure ya kucheza Dragon Dance, inayompandisha shambulio na kasi kwa nusu nzima. Ila kipaji hiki kinavunjika kwa mkwaruzo mmoja tu. Mawe ya Stealth Rock humla robo ya damu kila anapoingia, kwa sababu upande wake wa kuruka unaogopa Mwamba. Kwa hiyo kifaa chake ni Heavy-Duty Boots, viatu vinavyokanyaga mitego bila kuumia. Katika timu ya namna hii simpi Dragonite kifaa kingine.

Mapigo: Dragon Dance, Roost, Earthquake, Extreme Speed. Tumia Roost, pigo la kujiponya, kwa akiba, maana katika kizazi hiki ina matumizi 8 tu.

Hatua ya 2: Gawa pointi za mazoezi kwa hesabu, si kwa mazoea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo timu nzito inapozaliwa. Kila kiumbe ana pointi 508 za kutumika, na huwezi kuweka zaidi ya 252 mahali pamoja. Kwenye ngazi ya 100 kila pointi nne hukupa moja ya kweli. Wengi huweka 252 kwenye shambulio, 252 kwenye kasi, wakaenda zao. Usifanye hivyo. Jiulize: nataka kumtangulia nani?

Tuchukue Iron Valiant. Kasi yake ya msingi ni 116, na akijaziwa kasi yote pamoja na tabia ya kuiongeza hufika 364. Dragonite mwenye tabia ya Adamant, inayoongeza shambulio, bila pointi yoyote ya kasi, ana 196. Nataka baada ya Dragon Dance moja apite 364. Nikimpa 243, nusu ikiongezwa inakuwa 364, yaani sare, na sare huamuliwa kwa bahati. Nikimpa 244 anafika 366. Kutoka 196 hadi 244 ni 48, na 48 mara nne ni 192. Basi kasi inachukua 192.

Zimebaki 316. Naweka 252 kwenye damu, na 64 zinazosalia kwenye shambulio. Damu inapanda kutoka 323 hadi 386. Shambulio linakuwa 352 badala ya 403 ya aliyejazwa kabisa. Nimetoa 51, nimepokea 63 za damu, na ndizo zinazomwezesha kupokea kipigo, kutua kwa Roost, kisha kucheza Dragon Dance ya pili. Akicheza mara mbili, zile 51 huzikumbuki tena.

Angalizo: hesabu hii haimhusu Iron Valiant aliyebeba Booster Energy, kifaa cha kumpandisha kasi, wala Dragapult, ambaye hufika 421. Ukitaka kumpita Dragapult kwa Dragon Dance moja itabidi tabia iwe Jolly, inayoongeza kasi, na kasi ijae 252, upate 426, na hapo uzito wote umeutoa. Mimi siutoi. Dragapult namwachia mwingine, utamwona mbele.

Hatua ya 3: Andika nani anamzuia

Chukua karatasi. Dragonite huyu anazuiwa na nani? Jibu kubwa ni Corviknight: Earthquake haimfikii kwa kuwa anaruka, na Extreme Speed inamuumiza nusu tu kwa kuwa ni Chuma. Viumbe wa Mzimu pia, kwa sababu Extreme Speed haiwagusi. Kisha moto wa Will-O-Wisp, unaokata nguvu ya kipigo cha mwili nusu. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia wenzake watano, wala si mapenzi yako kwa kiumbe fulani.

Kwa Corviknight namchukua Rotom-Wash. Volt Switch yake inampiga Corviknight kwa nguvu maradufu na papo hapo inamrudisha Rotom nyumbani, nami namwingiza nimtakaye. Mpe damu 252, inakuwa 304, pamoja na Leftovers, inayomrudishia 19 kila zamu. Mapigo mengine: Hydro Pump, Will-O-Wisp, Pain Split.

Hatua ya 4: Mitego na ufagio

Great Tusk anafanya kazi mbili peke yake: anaweka mawe kwa Stealth Rock, na anafagia ya mwenzako kwa Rapid Spin, ambayo pia humwongezea kasi. Damu yake ikijazwa ni 434 na ulinzi wake wa msingi ni 131, basi wapigaji wa mwili wengi anawapokea. Mpe Headlong Rush, Knock Off na kifaa cha Rocky Helmet. Mapigo maalumu, yasiyo ya mwili, mweke nayo mbali, ulinzi wake upande huo ni 53 tu.

Ukishaweka mawe yako lazima yakae. Mlinzi wake ni Gholdengo. Yeye ni Mzimu, kwa hiyo Rapid Spin ya mwenzako inapita hewani; na kipaji chake, Good as Gold, hukataa mapigo yote ya hali (yasiyopiga moja kwa moja) anayotupiwa, ikiwemo Defog, pigo jingine la kufagia mitego. Corviknight anayekuja kufagia anakuta mlango umefungwa. Mpe Make It Rain, Shadow Ball, Nasty Plot, Recover, na Air Balloon ya kumwinua juu ya Ardhi mpaka atakapopigwa mara ya kwanza.

Hatua ya 5: Hesabu maingilio

Hatua hii ndiyo wanayoiruka wengi, na mimi niliwahi kuiruka. Nafasi ya Rotom hapo mwanzo nilimpa Heatran. Wa Moto na Chuma, mzito, mkali, nilimpenda sana. Katika mchezo mmoja kiumbe wa Ardhi aliingia mara moja na timu yangu ikafumuka. Mpwa wangu alikuwa ubavuni mwangu akiangalia.

“Mjomba, mbona wanne wanaogopa Ardhi?”

Nikahesabu: Heatran, Gholdengo, Kingambit, Slowking wa umbo la Galar (hawa wawili wa mwisho utawaona mbele). Kweli, wanne, na anayeikwepa ni Dragonite peke yake. Nikamwambia, “Ahsante, mwanangu,” na usiku ule ule nikamtoa Heatran.

Fanya hivi: kwa kila aina, andika wangapi wanaiogopa, na wangapi wanaweza kuingia juu yake kwa usalama. Sheria yangu ni kwamba wanaoogopa wasizidi watatu, na wanaoingia wasipungue wawili. Ardhi sasa inaogopwa na watatu, lakini Dragonite na Rotom haiwagusi kabisa. Mapigano yanamtisha Kingambit kwa maumivu mara nne, ila Gholdengo hayamgusi, na Slowking anabakiza robo tu ya maumivu. Barafu inamtisha Dragonite mara nne na Great Tusk mara mbili. Gholdengo, Kingambit na Rotom wanaipokea. Ukikuta aina isiyo na mtu wa kuipokea, usijifariji kwamba utakuwa mwangalifu. Badilisha kiumbe.

Hatua ya 6: Anayekununulia zamu

Slowking wa Galar ana Regenerator: akitoka uwanjani anajirudishia theluthi ya damu. Nikimjaza ana 394, hivyo kila akitoka anarudi na 131. Kazi yake ni kuingia juu ya mapigo maalumu, kutupa Future Sight, kisha kuondoka kwa Chilly Reception. Future Sight hutua zamu mbili baadaye, na wakati inatua Great Tusk yuko mbele. Wanaoihimili hasa ni Chuma na Giza. Wa Chuma wengi Headlong Rush inawavunja, na asiyevunjika hapo hataki kupoteza kifaa chake kwa Knock Off. Mwenzako anabaki kuchagua kipi kimuume. Theluji inayoletwa na Chilly Reception haimkwaruzi mtu, basi Multiscale ya Dragonite inabaki salama. Mjazie nafasi kwa Sludge Bomb na Thunder Wave, na umvishe Heavy-Duty Boots naye.

Hatua ya 7: Wa mwisho kuamka

Kingambit. Kipaji chake, Supreme Overlord, kinamwongezea nguvu asilimia 10 kwa kila mwenzake aliyeanguka, hadi 50. Wacheza bao humwelewa haraka: nyumba iliyojaa kete huivunji kabla hujaona bao limekaaje. Mweke nyuma mpaka wapigaji wa Mapigano wameondoka au wamechoka. Huyu ndiye jibu langu kwa Dragapult, kwa Sucker Punch inayotangulia kasi yoyote ya kawaida. Ila Sucker Punch hushindwa kama mwenzako hakushambulia zamu hiyo, basi usiitupe ovyo mbele ya mtu mwenye Will-O-Wisp. Swords Dance, Kowtow Cleave na Iron Head zinakamilisha, pamoja na Leftovers.

Tera, yaani kumbadilisha kiumbe aina yake katikati ya mchezo, ni moja kwa mchezo mzima, na mimi huiwekea wawili hawa tu. Dragonite awe wa Kawaida, Extreme Speed ipate nguvu ya nyongeza. Kingambit awe wa Mzimu, Mapigano yasimguse.

Hatua ya 8: Jaribu, kisha soma marudio

Cheza michezo 20 bila kubadilisha kitu. Chagua mahali mtandao umetulia. Ndani ya mashua ya kwenda Mokowe, bara, saa ya mchezo inaweza kukuangusha huku timu haina kosa. Hifadhi marudio ya michezo uliyoshindwa, na kwa kila kiumbe andika namba mbili: aliingia mara ngapi, na mara ngapi kuingia kwake kulimlazimisha mwenzako kumtoa wake. Anayeingia mara nyingi bila kumtoa mtu anahitaji meno, mpunguzie pointi za damu umwongezee shambulio. Anayetisha lakini aliingia mara moja tu anahitaji mwili, au kiatu, au mwenzake wa kumfungulia njia. Rekebisha mmoja kwa wakati, ucheze nyingine 20.