Somo: Kabati la ukutani kwenye chumba cha nyumba ya zamani (someni kwanza, ulizeni baadaye)

Wadau, nimechoka. Kila mara mtu anaingia inboksi na swali lile lile: "Mkuu, nimegeuza stoo kuwa chumba cha kulala, nataka kabati la ukutani, naanzia wapi?" Namjibu, anaondoka, anakuja mwenzake na lile lile. Leo naandika yote, na kuanzia sasa nitakuwa natuma somo hili tu.

Nazungumzia nyumba ya zamani: lipu iliyopigwa kwa mkono, sakafu iliyozama upande mmoja, dari yenye pembe moja iliyoshuka. Humo kabati husimama kwa timazi na pima maji. Halifuati ukuta. Anayelifuatisha ukuta hujikuta na milango isiyofunga, na hakuna bawaba ya kumwokoa.

1. Chagua ukuta. Wa ndani ni bora kuliko wa nje. Usizibe dirisha. Tazama mlango wa chumba unafungukia wapi, na mbele ya kabati zibaki sentimita 75 za kusimama. Ukipata 90, shukuru.

2. Kagua kilichomo ukutani. Nyumba za zamani zimeongezewa waya na mafundi wengi, kila mmoja na akili yake, kwa hiyo usidhani waya unashuka wima kutoka kwenye swichi. Soketi itakayoangukia nyuma ya kabati ihamishwe na fundi umeme, kuifunika hakutoshi. Kikasha cha maungio ya waya lazima kifikike siku zote, hata ikibidi ukiachie kidirisha kwenye ubao wa nyuma. Kabla ya kufunika chochote, piga picha ukuta mzima huku futi ikionekana ndani ya picha. Siku ya kutoboa tundu jingine utajua bomba liko wapi.

3. Vipimo. Kina cha ndani: sentimita 60. Hanga lenyewe lina kama 45, lakini mabega ya koti hutokeza nje yake. Fimbo ikae sentimita 30 kutoka nyuma. Fimbo moja: karibu sentimita 170 kutoka chini. Fimbo mbili, ya juu na ya chini: 200 na 100. Nguo ndefu ziachiwe 150 chini ya fimbo. Milango ya kuteleza inadai kama sentimita 10 zaidi za kina kwa ajili ya reli.

4. Mbao. Plaiwudi ya milimita 18, iingie chumbani wiki moja kabla ya kukatwa ili izoee hewa ya humo.

5. Kitako. Usijenge kabati moja kwa moja juu ya sakafu. Tengeneza fremu ya kitako yenye kimo cha sentimita 10, iweke mahali pake, tafuta sehemu ya sakafu iliyo juu kuliko zote na uanzie hapo. Kwingine pandisha kwa kabari mpaka pima maji itulie, kwa urefu na kwa kina. Kisha funga kitako sakafuni na ukate kabari zilizotokeza.

6. Sanduku na vipande vya kuzibia. Hapa naomba msome polepole, maana makabati mengi ninayoitwa kurekebisha yameharibikia hapa.

Pima upana wa nafasi chini, katikati na juu. Pima mbele, halafu pima tena nyuma. Utapata namba sita zisizofanana, na tofauti ya sentimita mbili au tatu ni jambo la kawaida. Chukua ndogo kuliko zote, toa sentimita 4, na huo ndio upana wa sanduku lako, yaani mwili wa kabati bila kitako wala milango. Ndiyo, litaacha nafasi ya sentimita 2 au zaidi kila upande. Nafasi hiyo ni ya makusudi.

Onyo la kwanza: sanduku likiundwa limelala sakafuni, linahitaji nafasi ya kusimama. Kabati lenye kimo cha 240 na kina cha 60 lina mshazari wa zaidi ya 247. Dari yako ikiwa 245, halisimami ng'o, litakwama likiwa limeinama huku wewe na msaidizi wako mmelishika. Ndiyo maana kitako ni kipande cha peke yake: sanduku la 230 mshazari wake haufiki 238, linapita. Piga hesabu hii kabla ya kukata.

Onyo la pili: kabla ya kupigilia ubao wa nyuma, pima sanduku kona kwa kona, mara mbili. Namba hizo zikitofautiana, sanduku limepinda, na milango itakusema.

Sanduku likishasimama wima kwa timazi, ndipo unaziba nafasi za pembeni. Chukua ubao mwembamba uliozidi nafasi kwa sentimita mbili tatu, usimamishe wima mbele ya sanduku, uguse ukuta pale ulipotokeza zaidi. Fungua bikari kwa kiasi ambacho ubao unatakiwa kusogea kuelekea ukutani. Ncha ya chuma ipite kwenye ukuta, penseli ichore kwenye ubao, kutoka juu hadi chini. Bikari ibaki mlalo muda wote. Ukiizungusha mkononi unapofika kwenye bonde, mchoro wako ni wa uongo. Kata nje kidogo ya mstari, kisha malizia kwa randa au msasa, huku ukipunguza zaidi upande wa nyuma ili ukingo wa mbele tu ndio uguse lipu. Jaribu, toa, punguza, jaribu tena. Anayetaka kumaliza kwa mkato mmoja atakata mbao mbili.

7. Kufunga ukutani. Weka kipande cha mbao kati ya sanduku na ukuta kila mahali pa skrubu, kisha kaza. Bila hicho kipande skrubu italivuta sanduku kufuata ukuta, na kazi yote ya hatua ya 6 imekwenda na maji. Sentimita mbili tatu za hewa nyuma zibaki.

8. Fimbo na rafu. Mita moja ya fimbo iliyojaa makoti na jinzi inaweza kufika kilo 30 na kupita, kwa hiyo tumia bomba la chuma na kishikio kila mita. Rafu ya plaiwudi isivuke sentimita 80 bila mhimili. Ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), 60.

9. Milango. Pima milango baada ya sanduku kufungwa, si kabla. Usizidishe upana wa 60. Mlango wa zaidi ya mita mbili unataka bawaba nne.

10. Rangi. Pande zote mbili za mlango, hata ule usioonekana. Upande mmoja ukibaki mtupu unakunywa unyevu na mlango unapinda.

Maswali karibu.

---

Mhamiaji: Somo zuri sana mkuu, ubarikiwe. Sasa kina kiwe sentimita ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mhamiaji: Samahani nilipitia haraka. Na fimbo ikae wapi?

Mwandishi: Hatua ya 3, sentensi chache mbele.

Mama Pacha: Shikamoo fundi. Kuta zangu ni za mawe na chokaa, nikitoboa drili inazama kama kwenye unga na fisha, ile plastiki ya kushikia skrubu, inazunguka tu. Je, kabati litashika kweli?

Mwandishi: Marahaba dada. Swali zuri, na ilibidi niliandike kwenye somo. Uzito wa kabati unabebwa na kitako, yaani sakafu. Skrubu za ukutani kazi yake ni kulizuia lisianguke mbele. Kwa hiyo huhitaji fisha moja yenye nguvu, unahitaji kusambaza mzigo. Funga ubao mrefu mlalo ukutani, karibu na kimo cha juu cha kabati, kwa skrubu ndefu sita au nane zinazovuka lipu na kuingia kwenye jiwe lenyewe. Tundu likikosa jiwe, sogea pembeni, usilazimishe. Toboa bila kuwasha nyundo ya drili, maana mtikisiko ndio unaomomonyoa chokaa. Kisha sanduku linafungwa kwenye ubao huo, mbao kwa mbao. Ukipata boriti darini, shika na hapo pia.

Mama Pacha: Nimeelewa, kumbe ukuta haubebi! Na skatingi la zamani la mbao niling'oe au nikate kabati lilifuate?

Mwandishi: Ling'oe taratibu, na usilitupe. Pitisha kwanza kisu kwenye mstari wa rangi kati yake na ukuta ili lipu isitoke nalo. Kabati likishasimama, lirudishe mbele ya kitako. Watu watadhani kabati lilijengwa pamoja na nyumba. Maduka ya leo hayauzi skatingi pana kama zile.

Msumeno Mkali: Mnajitesa na bikari za nini? Mimi najaza silikoni pembeni, napaka rangi, kazi imekwisha.

Mwandishi: Nafasi ya milimita tatu, sawa, jaza. Ya sentimita mbili? Mbao inavimba na kusinyaa kwa majira, ukuta hausogei nayo. Tuta la silikoni nene hivyo litaachia upande mmoja. Tena silikoni ya kawaida haishiki rangi. Ukitaka kujazia mwanya mdogo tumia ile ya akriliki.

Msumeno Mkali: Yangu ina miaka miwili na haijapasuka.

Mwandishi: Hongera. Somo hili ni la wanaotaka bikari.

Kitukuu: Mkuu, ukuta wangu una unene wa sentimita 60. Siwezi kuuchimba nikapata kabati bila kula nafasi ya chumba? Kuna kishubaka tayari, nakipanua tu.

Mwandishi: Usiguse. Ukuta wa unene huo karibu kila mara umebeba dari au ghorofa, na kuta nyingi za zamani zina maganda mawili ya mawe na kifusi katikati. Ukichimba, kifusi kinaporomoka na ganda linabaki bila mwenzake. Kishubaka kilichopo kiwekee rafu, ukitumie hivyo kilivyo. Kukipanua ni kazi ya mhandisi aje aone kwa macho yake, na kama nyumba imehifadhiwa kisheria kama jengo la kihistoria, kibali kitangulie.

Kitukuu: Hata kwa sentimita 20 tu?

Mwandishi: Nimeshajibu.

Binti wa Ghorofani: Mimi nimebakiwa na ukuta wa nje tu. Kabati la zamani lilikuwa hapo hapo, nguo zilinuka ukungu, ila ukuta ukiushika mkono ni mkavu. Unyevu unatoka wapi?

Mwandishi: Unatoka hewani, dada. Mvuke wa chumba, pumzi za waliolala humo usiku kucha, unapita kwenye mianya na kuingia nyuma ya kabati. Ukuta wa nje ni baridi kuliko hewa ya chumba, na hewa ya pale haitembei, basi mvuke unageuka maji mgongoni mwa ubao. Mchana ukigusa sehemu iliyo wazi ni pakavu kwa sababu hapo hewa inapita. Dawa ni kuiruhusu ipite na nyuma pia: acha sentimita 5 badala ya 2, toboa matundu kwenye kitako mbele, na juu ya kabati acha upenyo usiozibwa mpaka darini. Hewa iingie chini itokee juu. Ila kwanza jiridhishe hakuna uvujaji: gundisha kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne, kikae siku mbili. Majimaji yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke. Yakiwa kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani, usijenge kwanza.

Binti wa Ghorofani: Asante sana. Nimegundisha tayari!

Mjomba Patasi: Naongezea kidogo. Droo au mlango wa reli ya mbao ukigoma, sugua mshumaa kwenye reli. Usitumie mafuta, yanakamata vumbi.

Mwandishi: Kweli kabisa mjomba. Na kwa wanaoogopa bikari: kata kadibodi kwanza, ifuatishe ukuta mpaka ikae, ndipo uchore kwenye ubao. Kadibodi haiumi mfuko.

Mtu wa Haraka: Nipe gharama zote mkuu.

Mwandishi: Za kabati la upana gani, mbao gani, milango mingapi?

Mtu wa Haraka: La kawaida tu.

Mama Pacha: Fundi, moja la mwisho. Rangi ya ukutani ina tabaka kama saba, nilitaka kuipiga msasa kabla ya kabati.

Mwandishi: Msasa mkavu hapana! Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani kwa mfano ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Vumbi lake ni sumu, na wewe una watoto. Kuna vifaa vya kupimia, nunua ujaribu kwanza. Ikiwa na risasi na imeshika vizuri, iache, jenga mbele yake. Pale itakapotobolewa lowesha kwanza, vaa barakoa ya chembe ndogo, na futa kwa kitambaa chenye maji. Usifagie. Pacha wakae chumba kingine mpaka umalize kufuta.