Lejendi ya chati isomeke: anza kurekebisha jedwali, chati baadaye

Ukifungua chati ukakuta pembeni, kwenye lejendi (yale maelezo yanayosema rangi ipi ni ya nini), imeandikwa Series1, Series2, Series3, jua shida haiko kwenye chati, iko kwenye jedwali. Watu wengi wanahangaika kubofya ile lejendi wakitaka kufuta waandike jina lingine, na Excel haikubali, manake yale maneno hayakai pale, yanavutwa kutoka kwenye kichwa cha kolamu. Kichwa kisipokuwepo, au ulipochagua data ukakiacha nje, Excel inajitungia jina. LibreOffice Calc, programu ya bure inayofanana na Excel, nayo inakuandikia Column B, Column C, vilevile haikusaidii kitu.

Kwa hiyo kabla hujaingiza chati, rudi kwenye mstari wa kwanza wa jedwali usome vichwa kama mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo kazi yako. Mfano una data ya zahanati na kolamu umeziita wgj_nje_ke na wgj_nje_me. Wewe unaelewa sababu ndo ulizitunga, ila bosi atakayeiona kwenye ripoti ataanza kuuliza. Andika Wanawake na Wanaume, basi, halafu ile “wagonjwa wa nje” ipeleke kwenye kichwa cha habari cha chati, usiirudie kwenye kila jina. Hapa ndo naona wengi wanakosea, wanaandika “Idadi ya wagonjwa wa nje wanawake” na “Idadi ya wagonjwa wa nje wanaume”, lejendi inameza nusu ya chati na msomaji inabidi avuke maneno matano yanayofanana ndo afike kwenye neno moja lenye tofauti. Lejendi ibebe tofauti tu.

Ukishaandika vichwa chagua data pamoja navyo, kisha ingiza chati. Kama chati ipo tayari, kwenye Excel bofya kulia juu yake, chagua Select Data, upande wa kushoto bonyeza jina la mfululizo (yaani seti moja ya data iliyochorwa) unaotaka halafu Edit, na pale kwenye Series name usichape maneno, bofya seli yenye kichwa. Ukichapa maneno jina linaganda hapohapo, kesho ukibadilisha jedwali chati inabaki na jina la jana. Ukiielekeza kwenye seli, vyote vinabadilika pamoja. Na seli yenyewe inaweza kuwa na fomula, mfano ="Mwaka "&A1, ukibadilisha mwaka kwenye A1 lejendi nayo inafuata, hii kwa ripoti za kila mwezi inaokoa muda sana.

Miaka ina usumbufu wake. Kolamu ya kwanza ikiitwa Mwaka na ndani ina 2021, 2022, 2023, Excel inaweza kudhani hizo ni namba za kuchora, unashangaa kuna mstari unaoitwa Mwaka umelala kule juu kwenye elfu mbili na kitu na data yako ya kweli imebanwa chini. Dawa rahisi ni kufuta kile kichwa cha kolamu ya kwanza, seli ya kona iwe tupu, ndo uingize chati. Kama umeshaingiza, nenda Select Data, ondoa huo mfululizo wa Mwaka kwa Remove, kisha Edit ya upande wa kulia uchague seli za miaka ziwe lebo za chini. Na ukikuta lejendi imejaa majina ya miezi wakati ulitaka majina ya idara, bonyeza Switch Row/Column, zinabadilishana nafasi.

Kwenye Google Sheets bofya chati mara mbili, ukiwa Setup weka tiki kwenye Use row 1 as headers, halafu Customize, Legend, pale utachagua mahali pa kukaa na ukubwa wa herufi. Kwenye Calc bofya mara mbili, kisha bofya kulia, Data Ranges, tiki First row as label.

Vipimo: kama mifululizo yote ina kipimo kimoja, kiandike kwenye mhimili, sio kwenye lejendi. Ila ukichora mvua na joto pamoja, mhimili mmoja kushoto mwingine kulia, hapo lazima lejendi iseme “Mvua, mm, kushoto” na “Joto, °C, kulia”, la sivyo mtu atasoma joto kwa namba za mvua na wala hatajua kama amekosea.

Sasa, ushauri ninaouamini kuliko yote: kama ni grafu ya mistari na mistari haizidi minne mitano hivi, toa lejendi kabisa, andika jina mwishoni mwa kila mstari. William Playfair, Mskoti aliyekuwa wa mwanzo kuchora grafu za namna hii, alishafanya hivyo mwaka 1786, akaandika juu ya mistari yenyewe upi ni wa bidhaa zinazoingia na upi wa zinazotoka, na hadi leo inasomeka bila kutafutatafuta. Kwenye Excel bofya mstari mara moja, kisha bofya ile nukta ya mwisho ibaki imechaguliwa yenyewe, bofya kulia, Add Data Label, halafu Format Data Labels, weka tiki kwenye Series Name utoe ya Value. Punguza kidogo upana wa eneo la mchoro ili majina yasikatwe, na rangi ya maandishi ifanane na ya mstari wake. Faida nyingine ni kwamba msomaji hategemei rangi peke yake, kuna watu hawatofautishi nyekundu na kijani, na ripoti nyingi zinaishia kuprintiwa nyeusi na nyeupe ambapo lejendi yako yote inakuwa viboksi vya kijivu.

Ukiamua kubaki na lejendi, mpangilio wake ufanane na macho yanavyoiona chati, mstari wa juu jina lake liwe juu. Vile vishale vya juu na chini ndani ya Select Data ndo kazi yake. Chati ya mfululizo mmoja haihitaji lejendi, kichwa cha habari kinatosha. Chati ya duara andika majina kwenye vipande vyenyewe.

Na ukiongeza mstari wa mwelekeo (trendline, unaoonyesha data inaelekea wapi) Excel inajibandikia “Linear (Wanawake)” kwenye lejendi. Bofya kulia huo mstari, Format Trendline, kwenye Trendline Name chagua Custom uandike “Mwelekeo, wanawake”. Kama huuhitaji kwenye lejendi bofya jina lake peke yake ubonyeze Delete, jina linatoka na mstari unabaki, na siku ukilitaka tena ondoa lejendi nzima uirudishe, majina yote yanarudi.