Namna ya Kutengeneza Aiskrimu ya Kijiti Yenye Ganda la Barafu ya Chungwa na Kiini cha Malai

Inasimuliwa kwamba mwaka 1905, huko California nchini Marekani, mvulana wa miaka 11 aitwaye Frank Epperson alisahau nje, usiku wa baridi, maji aliyoyachanganya na unga wa kinywaji, na asubuhi akakuta kijiti cha kukorogea kimegandia ndani. Mwaka 1924 alipata hataza ya barafu ya kijiti. Aina inayoelezwa hapa, ambayo wengi waliila utotoni, ni ya juu kidogo ya hiyo: nje barafu ya chungwa, ndani malai laini.

Kwa kalibu sita za mililita 80, chuja nusu lita ya juisi ya machungwa, uyeyushe humo gramu 50 za sukari na kutia kijiko kimoja cha maji ya limau. Juisi iwe tamu kuliko ile ya kunywa, kwa sababu ulimi uliopoa hauhisi utamu sawasawa, kisha ikae kwenye jokofu mpaka iwe baridi kabisa.

Kazi yote iko katika ganda. Viwandani kalibu huzamishwa katika maji ya chumvi yenye baridi kali ili kingo zigande upesi, na hilo linawezekana hata nyumbani: changanya barafu iliyopondwa na chumvi, kwa uzito wa sehemu tatu kwa moja, kisha simamisha humo kalibu zilizojazwa juisi, midomo ikiwa juu vya kutosha ili chumvi isiingie. Friza peke yake hufaa pia, ila huchukua muda mrefu zaidi. Usitegemee saa, chungulia mara kwa mara, na ukiona ukuta wa barafu umefikia unene wa milimita nne hivi huku katikati kukiwa bado maji, mimina maji hayo kwenye bakuli bila kukawia. Ukichelewa, nafasi ya malai itakuwa imeziba.

Juisi uliyoimwaga itakuwa tamu kuliko ya mwanzo, kwa kuwa maji hutangulia kuganda na kuisukuma sukari katikati. (Ndiyo maana mtoto anayefyonza kwa nguvu hubaki na barafu nyeupe isiyo na ladha.) Izimue kwa maji kidogo, uihifadhi.

Kwa kiini, piga mililita 150 za malai mazito mpaka yasimame, kisha changanya taratibu na vijiko vinne vya maziwa mazito ya kopo yenye sukari na tone la vanila. Jaza ganda, ukibakiza nafasi ya sentimita moja juu, na urudishe kalibu kwenye friza. Malai yakianza kukaza, chomeka kijiti wima, funika kwa juisi iliyobaki, na uache zigande usiku kucha.

Wakati wa kutoa, chovya kalibu katika maji ya bomba kwa sekunde kumi na tano hivi, kisha vuta kijiti bila kukizungusha. Maji ya moto hayafai kabisa, kwani huyeyusha ganda kabla kiini hakijaachia. Zisizoliwa siku hiyo zifungwe moja moja kwa karatasi ya nta, zisije zikashikana au kunuka samaki wa friza.